Sura ya Tano: Kikopo Kilichotupwa Chooni

Asubuhi ile Sajini Asteria Mligo alikuwa na hasira hata kabla ya chai. Na mtu akiweza kukasirika Njombe mwezi wa sita, kabla ya chai, basi ana sababu, maana baridi ya huko humaliza nguvu zote za kukasirika. Goti lake la kushoto lilikuwa limegoma tangu alfajiri. Alipanda ngazi za hospitali moja moja, mguu mzuri mbele, mguu mbaya ukifuata nyuma kwa manung'uniko, na sasa alikuwa amesimama mbele ya meza ya Daktari Irine Sanga akiambiwa jambo alilokuwa na hamu nalo na asilolielewa.

"Hakuna sumu," daktari alisema.

"Hakuna kabisa?"

"Sampuli zimekwenda kupimwa, majibu ni baada ya miezi. Lakini sumu ya kupulizia viazi naijua, mama Asteria. Inanuka, na inaacha njia yake kutoka mdomoni mpaka tumboni. Tumbo la huyu bibi ni safi."

Asteria akakaa bila kukaribishwa. Kesho saa tatu asubuhi mwanamke anayeitwa Yunisi angepandishwa mahakamani Makambako kwa kumuua mama mkwe wake, na kila kitu kilichomo kwenye jalada kilikuwa kimesimama juu ya neno sumu.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Rebeka Ngole, mjane wa miaka sitini na nane, mkazi wa Makambako mtaa wa nyuma ya reli, alitapika siku mbili, akalegea kama nguo iliyoloa, akaanguka jikoni na kufa kabla gari halijamfikisha hospitali. Siku ya msiba, watu wakiwa bado wanapanga viti, binti yake Hulda alisimama katikati ya uwanja akamnyooshea kidole Yunisi, mjane wa kaka yake: huyu amemtilia mama sumu ya viazi kwenye kikopo cha unga wa dawa ya magoti, kisha akakitupa kikopo chooni ili asishikwe. Polisi wakaja. Stoo wakakuta chupa ya sumu ya viazi. Yunisi akaulizwa habari za kikopo, akajibu bila kuzungusha, "Ndiyo, nilikitupa." Maiti ikaletwa Njombe kupasuliwa, Yunisi akalazwa mahabusu.

"Kukuta sumu ya viazi kwa mkulima wa viazi," Asteria alikuwa amemwambia mkuu wa kituo kwa simu, "ni kama kukuta chumvi jikoni. Tukimkamata kila mwenye chupa ile, mkoa mzima utalala ndani, na wewe afande utakosa wa kukupikia."

Mkuu hakucheka. Alisema: niletee kitu kingine basi, mpaka kesho saa tatu.

"Kuna kitu kingine," Daktari Irine alisema, kana kwamba alikuwa amesikia. Akachukua kalamu akachora figo mbili, na juu ya kila figo kofia ndogo. "Hizi ni tezi. Ndizo zinazomfanya mtu asimame akipata homa, njaa au mshtuko. Za huyu bibi zimesinyaa kama maharage yaliyosahaulika juani. Ngozi yake nayo nyembamba kama ganda la kitunguu, mikono imejaa madoa ya damu iliyovilia. Alikuwa anatumia vidonge gani?"

"Daftari lake la kliniki ninalo hapa. Dawa za maumivu za kawaida, basi."

"Haiwezekani. Alikuwa anapata steroidi, na si kidogo, na si ya jana. Ukimpa mtu vidonge hivyo kila siku kwa miezi, tezi zake zinasema, aa, kama kuna anayetufanyia kazi, sisi tulale. Siku ukiviondoa ghafla, hazijui kuamka. Mtu anatapika, analegea, anatoka jasho la baridi, presha inaporomoka. Anakufa. Ndiyo maana sisi tunapunguza polepole, wiki kwa wiki."

"Na akiwa anavitumia, magoti yanapona?"

"Yananyamaza tu. Na mtu anachangamka. Anaacha kulia, halali, anataka kulima saa tisa usiku. Majirani wanasema amepona."

Asteria akafungua daftari lake. Aliandika neno moja, *kikopo*, akalipigia mstari mpaka karatasi ikachanika.

*

Upepo wa Makambako haumwogopi polisi. Ulimvua Asteria kofia mara tu aliposhuka kwenye gari, na Konstebo Luqmani, dereva wake, akaikimbiza mpaka karibu na lori la mbao. Ndivyo Sajini Mligo alivyoingia kituoni: kichwa wazi, anachechemea, na hasira zake zimeongezeka kidogo.

Hulda alikuwa kwenye benchi mbele ya kaunta. Alikuwa mwanamke mkubwa wa miaka arobaini na kitu, amevaa sweta na juu yake amejifunga kitenge kipya chenye tausi wa njano. Uso ulikuwa umemvimba kwa kilio cha siku sita. Pembeni yake palikuwa na kikombe cha chai kilichoota utando.

"Afande!" alianza kabla Asteria hajafika. "Eti mnamlisha humo ndani? Muuaji anakula ugali, na mama yangu yuko kwenye friji?"

"Kamwene, Hulda," Asteria alimsalimia.

Salamu ya nyumbani ilimkata kasi. "Kamwene," alijibu kwa kinyongo.

"Kunywa chai basi."

"Haipiti. Tangu juzi haipiti kitu. Itapitaje?" Akajifuta paji la uso kwa ncha ya kitenge. Nje upepo ulikuwa unapiga kama fimbo, na yeye alikuwa na jasho. Asteria aliliona jasho lile, akalihesabia kilio.

"Huo unga wa magoti aliokuwa anakula mama, na wewe uliutumia?"

"Mimi? Mimi siyagusi madude hayo." Akajibu haraka, akatoa simu. "We tazama hapa. Tazama mama alivyokuwa amenawiri, halafu uniambie kama huyu ni mtu wa kufa."

Ilikuwa picha ya akina mama wa kanisani, wamesimama mbele ya madhabahu. Katikati Rebeka, anacheka. Kando yake wanawake watatu. Mbele yao Yunisi, mwembamba, amepiga goti kwa aibu anapokea kitenge chenye tausi wa njano.

"Siku hiyo wazee wanne walitoa ushuhuda," Hulda alisema. "Mama alikuwa hatembei. Tangu tumzike kaka yangu Shedrack alikuwa anakaa ameelekea ukutani, mwaka mzima, hasemi. Akaanza unga, akatupa fimbo, akaimba! Na uso ukajaa. Sisi tukasema, huyu mkwe anamtunza. Tukamchangia kitenge cha shukrani. Mtu anapewa kitenge, kumbe ana lake moyoni! Nimekichukua. Hawezi kuvaa shukrani za mtu aliyemuua."

Asteria hakuwa anasikiliza tena. Aliikuza picha kwa vidole viwili. Wanawake wanne, nyuso nne, na zote uso mmoja: duara, mashavu yamesukuma macho juu, shingo imezama. Lakini mikono iliyotokeza kwenye magauni ilikuwa mikavu kama vijiti vya maharage.

"Hawa ni ndugu?"

"Ndugu wapi? Huyu Mkinga wa Bulongwa, huyu wa hapahapa, yule pale alikuja na mume wa reli kutoka Singida."

"Wanafanana kama waliozaliwa kwa tumbo moja."

"Ni afya hiyo, afande."

Asteria aliituma picha kwa Daktari Irine. Jibu lilirudi kabla hajamaliza kupata kiti: *Wote wanne, hiyo ni steroidi. Wasiache ghafla! Waje hospitali na vikopo vyao.*

Akalisoma mara mbili. Basi ndivyo. Mtaa mzima ulikuwa umetazama ugonjwa usoni, ukaupigia makofi, ukauvisha mtu kitenge.

*

Yunisi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amejikunyata ndani ya shuka la kuazimwa. Alikuwa na miaka thelathini na moja na mikono ya mchimba viazi.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Kaa. Kikopo ulikitupa lini?"

"Jumatatu. Siku nne kabla mama hajafa."

"Kwa nini?"

"Alikuwa halali. Saa tisa usiku namkuta shambani na jembe, anaimba nyimbo za pasaka, na sisi tuko mwezi wa sita. Akijigonga kidogo, mkono unakuwa mweusi. Halafu akaanza kuongea na Shedrack, marehemu. Wanabishana kabisa, na akawa ananiambia mimi ninyamaze, nisimkatize mume wangu." Akacheka kidogo, na kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine. "Nikaogopa."

"Ukakitupa tu, bila kumwuliza mtu?"

"Niliuliza! Nimeshasema hapa mara tatu, wanaandika halafu wanatikisa kichwa. Nilikwenda kwa Dokta Elius mwenyewe, anayeuza huo unga, dukani kwake. Nikamwambia, Dokta, mama halali, nikimwachisha huu unga atadhurika? Akacheka. Akasema, mzizi tu huu, akiacha haidhuru, ila atarudi kwenye ukuta wake. Ndiyo nikaenda nikatupa."

Asteria alipindua kurasa za jalada. Maelezo ya Elius Ngailo, mfanyabiashara wa virutubisho, yalikuwa mistari mitatu: hamjui Yunisi, hajawahi kumwona, bidhaa yake ni ya asili.

"Nani alimletea mama kikopo cha kwanza?"

"Wifi Hulda."

"Yeye anatumia?"

Yunisi akainama. "Mwulizeni mwenyewe, afande. Mimi nikisema neno juu yake, litaonekana la kulipiza."

Asteria alifunga jalada. Kulikuwa na watu wawili tu waliosikia mazungumzo ya dukani. Mmoja alikuwa ndani na hakuna aliyemwamini, na mwingine alikuwa nje anauza unga.

*

Duka lilikuwa karibu na stendi, mlango wa kijani, na juu yake kibao: TULIVU – KIRUTUBISHO ASILIA. VIUNGO, MGONGO, MAWAZO NA HUZUNI. HAKINA KEMIKALI. Asteria alimwacha Luqmani nyuma ya kibanda cha chipsi, akavua koti la polisi, akajitanda khanga. Kuchechemea hakukuhitaji kuigiza.

Elius Ngailo alikuwa amevaa koti jeupe. Alikuwa na uso mrefu, mkavu, umechongoka. Asteria aliuona uso kabla hajaona kitu kingine chochote, akajisemea: wewe hujawahi kulamba unga wako.

"Karibu, mama yangu. Goti la kushoto, siyo?"

"Ee! Umejuaje, Dokta?"

"Ni kazi yangu. Na huku?" Akagusa kichwa chake kwa kidole. "Mawazo yapo?"

"Yapo, mwanangu. Ninayo mpaka ya kugawia jirani."

"Umefiwa?"

"Na mume," alisema Asteria, akamuua mzee Efraimu palepale bila kupepesa jicho, ingawa saa hiyo mzee alikuwa Njombe anapogoa miparachichi yake na kulalamikia chakula cha jana. "Ameniacha, Dokta. Nalia tu."

Elius akatikisa kichwa kwa huruma iliyozoea kazi. Akainama chini ya meza, akatoa kikopo. "Nilikuwa nimebakiza vichache, si vya kila mtu. Kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi. Siku ya tatu utaniletea kuku kwa shukrani."

"Ni nini ndani?"

"Mzizi mtupu. Unachimbwa Makete, milimani juu ya Iwawa, kwenye baridi kali. Mzizi umevumilia barafu, utashindwa na goti?"

"Na nikitaka kuacha?"

Elius akatabasamu. "Hutataka kuacha, mama."

Asteria alikichukua kikopo, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaufunga, akaandika saa na tarehe juu yake. Elius alikuwa bado anatabasamu alipokiona kitambulisho kimewekwa mezani.

"Sajini Mligo, upelelezi, Njombe. Mume wangu hajambo, anakusalimu. Unamfahamu Yunisi, mkwe wa Rebeka Ngole?"

Tabasamu likakatika, lakini sauti ilikuwa imara. "Nimeshatoa maelezo. Simjui."

"Hakuja hapa kukuuliza kama mama mkwe wake aache kutumia?"

"Wanakuja wengi. Huyo hakuja. Afande, mimi nauza mzizi. Chukueni mkapime! Mtapata majibu baada ya miezi, mtakuta mzizi, na mimi nitawadai fidia."

Alikuwa amesema kweli kuhusu miezi, na wote wawili walijua. Yunisi alikuwa na mpaka kesho saa tatu.

Asteria alitoa simu yake. Akabonyeza, akaiweka sikioni, akageuka nusu kama mtu asiyetaka kusikilizwa katika duka la hatua nne.

"Halo, redio? Ndugu mtangazaji, Sajini Mligo hapa. Nina tangazo la polisi, la dharura, lisomwe sasa hivi na kila nusu saa. Andika. Wananchi wote wa Makambako, Njombe na Wanging'ombe wanaotumia unga wa Tulivu... umeandika? Waumwage leo. Wote. Wasionje hata kijiko kimoja kuanzia sasa. Atakayekutwa nao..."

"Usitangaze hivyo," Elius alisema.

Asteria akainua mkono kumnyamazisha. "...atakayekutwa nao atachukuliwa hatua. Kesho asubuhi kusiwe na mtu hata mmoja..."

"Afande, usitangaze hivyo!" Alikuwa ametoka nyuma ya meza. Uso mkavu ulikuwa umepauka. "Watu mia mbili na zaidi wanatumia! Huwezi kuwaambia waache siku moja!"

"Kwa nini?"

"Wapunguze. Waambie wapunguze. Kijiko, halafu nusu, halafu robo, mwezi mzima, la sivyo..."

Akasikia alichokisema.

Asteria alishusha simu polepole, akaiweka mezani ikiwa imemwangalia. Kioo chake kilikuwa cheusi. Haikuwa na chaji tangu alipotoka kituoni.

"La sivyo nini, Dokta?"

Nje kondakta alikuwa anaita watu wa Songea.

"Mimi nakula mchicha kila siku ya Mungu," Asteria alisema. "Nikiuacha leo, kesho sifi. Mume wangu anakula viazi miaka sitini, tukikosa viazi ananuna, lakini hafi. Ni mzizi gani huu unaoua kwa kuachwa? Luqmani!"

Luqmani aliingia mdomo umejaa chipsi. Waliingia chumba cha nyuma. Palikuwa na kinu cha mkono, ndoo ya mdalasini, na gunia la unga wa muhogo. Asteria aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye bega, kama mkunga wa ng'ombe, akatoa kopo la plastiki la vidonge elfu moja, lebo imebanduliwa. Halafu la pili. Chini yake kulikuwa na mengine saba. Hapakuwa na mzizi hata wa kutafuna.

"Nimewasaidia," Elius alisema nyuma yao. Sauti ilikuwa imepanda. "Walikuwa wanatambaa! Walikuwa wanalia mchana kutwa! Hospitali wanapewa vidonge kumi na maneno ya pole. Mimi nimewatembeza!"

"Rebeka yuko kwenye friji. Anatembea?"

"Hakutakiwa kuacha!"

"Nani alimwambia Yunisi kwamba anaweza kuacha?"

Elius akatazama makopo, akatazama mlango, akamwona Luqmani amejaa mlangoni.

"Alikuja," alisema mwishoni. "Jumatatu asubuhi. Aliuliza."

"Na ulijua."

"Nilijua ni hatari. Sikujua atakufa."

"Ulijua ni hatari, ukamwambia haidhuru."

"Ningemwambiaje, afande?" Na hapo alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Ningesema apunguze polepole, angeniuliza kwa nini. Mzizi haupunguzwi."

Asteria alikuwa amekamata wezi, wabakaji, na mchungaji mmoja aliyeuza kengele ya kanisa lake mwenyewe. Hakuwa amempiga hata mmoja. Alirudi mbele dukani, akaweka mikono yote miwili mezani na kuibonyeza pale mpaka mbao zikalia.

"Chukua kalamu," alisema. "Yunisi alikuja, siku gani, aliuliza nini, ulijibu nini. Andika kwa herufi kubwa. Maana mimi nimeishia la saba na sasa hivi sioni vizuri kwa hasira."

*

Saa kumi na nusu mkuu wa kituo aliyasoma maelezo mara mbili, akapiga simu kwa mwanasheria wa serikali, akasaini. Tangazo halisi lilikwenda redioni kwa maneno ya Daktari Irine: msiutupe, msiuache ghafla, njooni hospitali na vikopo vyenu leo hii. Yunisi akatolewa, akarudishiwa viatu vyake na mkanda wa gauni.

Hakushukuru. Alisimama upande wa ndani wa kaunta na viatu mkononi.

"Afande. Kumbe hakuna aliyetia sumu?"

"Aliyetia vidonge yuko chumba ulichotoka. Atalitumia hilo shuka."

"Lakini mama amekufa kwa sababu ya kuachishwa."

Asteria alijua swali linalokuja, na angependa lisingekuja mbele ya kaunta, kwenye upepo wa mlango.

"Ningemwachia kile kikopo, angekuwa hai?"

"Ungeambiwa kilichomo, angekuwa hai," Asteria alisema. "Uliuliza. Ulifanya alichotakiwa kufanya mtu mwenye akili, ukaenda ukauliza kwa aliyejua, naye akakudanganya machoni. Hiyo ndiyo imeandikwa humu, na ndiyo itakayosomwa mahakamani. Usinigeuzie maneno yangu ukienda nyumbani."

Yunisi alifungua kinywa. Wakati huo kikombe kikaanguka kwenye benchi, kikavunjika.

Hulda alikuwa amesikia yote. Alikuwa amejaribu kusimama, pengine kubisha, pengine kukimbia, na miguu haikumpokea. Alikuwa chini, mgongo kwenye benchi, chai imemlowesha kitenge, anatapika maji ya njano.

"Ni majonzi," alisema konstebo wa kaunta. "Tangu asubuhi yuko hivyo."

Tangu asubuhi! Jasho kwenye baridi. Chai isiyopita. Na uso ule, uso wa duara, ambao Asteria aliukuza kwa vidole viwili kwenye picha ya watu wengine wakati mwenyewe amekaa hatua moja mbele yake. Alijitukana kwa Kibena, tusi lililomfanya mama yake amchape akiwa na miaka tisa.

Lakini Yunisi alikuwa ameshapiga magoti, viatu vimetupwa huko.

"Mama alianza hivihivi," alisema. "Wifi. Wifi, nitazame. Umetupa lini?"

"Mimi siyagusi..."

"Wifi, ulikuwa unakoroga vijiko viwili, cha mama na chako. Nilikuona. Lini?"

Macho ya Hulda yalizunguka, yakampata. "Siku ya msiba," alinong'ona. "Niliogopa. Nilidhani umetia na changu."

"Luqmani, gari!" Asteria alikuwa ameshanyakua simu ya kaunta, anamwita Irine. Daktari hakungoja amalize: hospitali iliyo karibu kabisa, wamchome sindano ya steroidi mara moja, wamtundikie maji, mimi nawapigia sasa hivi wawe tayari.

Wakamwinua Hulda watu wanne. Yunisi aliingia kwanza kiti cha nyuma, bila viatu, akampokea kichwa akakilaza mapajani. Goti la Asteria lilipiga kelele akipanda mbele, naye akaliambia linyamaze, halikuwa na zamu.

Gari likakata kona ya barabara kuu, malori yakipisha. Nyuma Hulda alikuwa anatetemeka. Kwa vidole visivyo na nguvu alikuwa anahangaika na fundo la kitenge, analifungua, anataka kukivua.

"Chukua," alisema. "Wifi... chukua..."

Yunisi alimshika vidole, akalifunga tena lile fundo, akamfunika tausi wote mpaka kidevuni.

"Nyamaza, wifi. Kuna baridi. Pona kwanza, ndipo urudi kunitukana."